Mazombi wa bei chee: filamu nne, uanze na ipi?

Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi sebule yangu hugeuka kibanda umiza. Watu kumi, wakati mwingine kumi na wawili, mikeka miwili, kochi moja la kugombea, projekta ya kuazima na shuka jeupe la mke wangu ambalo kila mara linarudi kabatini na tundu jipya la pini. Ugomvi huwa ule ule: tuweke nini? Mwaka huu nimewazoesha filamu za mazombi za kuchekesha, zile za hela ndogo, na sasa wenyewe wamekuwa wapiga debe. Shemeji kamwambia fundi wake, fundi kamwambia dada yake, na wote wananitumia ujumbe saa tano usiku wakiuliza waanze na ipi. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Zilizo mezani ni nne: One Cut of the Dead ya Japani (2017), Shaun of the Dead ya Uingereza (2004), Juan of the Dead ya Cuba (2011) na Braindead ya New Zealand (1992). Hii ya mwisho Wamarekani waliibatiza Dead Alive, kwa hiyo ukikutana na majina mawili usije ukalipia mara mbili. Jibu la haraka: kama hujawahi kabisa, anza na Shaun. Kama una watu wenye subira, rukia One Cut. Lakini jibu la haraka limeshaniponza, na nitaeleza lilivyoniponza.

Zombi hana mwenyewe

Watu wakisikia zombi wanawaza Marekani. Sisi tunaye siku nyingi, tunamwita msukule: mtu kazikwa, watu wamelia, wamekula wali wa msiba na kutawanyika, kumbe kachukuliwa na wanaojua mambo yao, usiku yuko shambani kwa mtu analima bila kujitambua. Zombi wa asili wa Haiti ni huyo huyo, maiti aliyeamshwa ili atumikishwe, na neno lenyewe wanaisimu wengi hulifuatilia mpaka lugha za Kongo, kwa watu waliovushwa bahari wakiwa bidhaa. Huyo hakuwa anakula mtu. Alikuwa analima. Kwa watu waliokuwa watumwa, kuumwa shingoni kulikuwa jambo dogo. La kutisha lilikuwa kufa halafu kazi isiishe.

Zombi mla watu alikuja 1968, George Romero na wenzake walipopiga Night of the Living Dead huko Pennsylvania kwa dola kama 114,000, rangi nyeusi na nyeupe, damu ikiwa ni sharubati ya chokoleti. Ndani ya filamu hiyo hata neno zombi hawalitaji. Kisha likatokea kosa moja la karatasi: wasambazaji walibadilisha jina la filamu wakati wa kuitoa, na katika kubadilisha wakasahau kuweka alama ya hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya wakati ule, filamu iliyotoka bila alama hiyo ilikuwa mali ya umma. Romero akapoteza hela nyingi, na dunia ikapata adui wa bure. Ndiyo maana kijana yeyote mwenye kamera, awe Havana au Tokyo, anaweza kumchukua zombi yule na masharti yake yote bila kuomba ruhusa kwa mtu.

Na ni adui rahisi kumvalisha. Dubwana la baharini linataka kompyuta, vita vinataka vifaru, hata jini linataka angalau moshi. Zombi anamtaka jirani yako, unga usoni, shati lililochanika na maelekezo mawili: tembea kama umelala, usifunge mdomo. Halafu anakuja taratibu. Adui anayekuja taratibu anawaachia watu nafasi ya kubishana, na watu wanaobishana huku kifo kiko hatua kumi na tano ndio mchezo wenyewe. Vichekesho vyote vya filamu hizi nne vimo ndani ya hizo hatua kumi na tano.

Hela, na mahali ilipopungua

Shaun iligharimu kama dola milioni 6. Juan na Braindead kama dola milioni 3 kila moja, japo zimepishana karibu miaka ishirini na dola ya 1992 si ya 2011. One Cut iligharimu yen milioni 3. Soma tena: yen. Ni dola 25,000 na kitu, hela ya gari moja la maana, lile linaloshuka bandarini Dar likitokea Japani hiyo hiyo. Kwa hiyo ukisikia zote ni za bei chee, jua kuna bei chee ya Kariakoo na bei chee ya Mlimani City.

Mtazamaji haoni risiti lakini. Anaona kioo, na kwenye kioo kila filamu imeupeleka umaskini wake mahali tofauti. Shaun imeufunika kwa maandishi: kila sentensi inafanya kazi mbili. Juan imeuegemeza kwenye jiji lenyewe, maana Havana yenye majengo yaliyobanduka rangi haihitaji mtu wa kuipamba ionekane dunia imekwisha. Braindead imeukandia kwenye mpira na rangi nyekundu, kazi ya mikono mwanzo mwisho. One Cut haijauficha popote. Imeuweka katikati ya sebule na kukwambia utazame. Hapo ndipo zinapoachana, na hapo ndipo unapojua ipi inawafaa watu ulionao.

Shaun na One Cut, bega kwa bega

Hizi mbili ndizo watu huzibishania, basi nizikalie.

Shaun haikuombi subira. Ni kijana wa London anayeuza vifaa vya umeme, mpenzi wake kamchoka kwa sababu kila jioni ni baa ile ile, Winchester, na rafiki yake Ed hana kazi wala aibu. Kuna asubuhi Shaun anatoka nyumbani, anavuka barabara, anaingia duka la pembeni, anachukua kinywaji kwenye friji, anarudi. Kamera inamfuata bila kukata. Kesho yake anarudia safari ile ile, hatua kwa hatua, pombe za jana bado ziko kichwani, na mji umeshakufa. Kioo cha friji kina alama ya kiganja cha damu. Anateleza sakafuni, anajiweka sawa, analipa, anaondoka. Hajaona kitu. Niliirudisha nyuma mara tatu siku ya kwanza. Ni mzaha kuhusu mazombi, lakini ni mzaha zaidi kuhusu yeyote aliyewahi kwenda kazini akiwa hayupo.

Kuna na pale bustanini, mazombi wawili wanawajia, Shaun na Ed wameamua kuwapiga kwa santuri, na wanasimama kubishana ipi ya Prince irushwe na ipi ibaki. Hatua kumi na tano, nilishasema.

Tatizo la Shaun kwa watu wangu ni lugha. Utamu wake mkubwa uko ndani ya Kiingereza cha baa. Mapema kabisa Ed anamliwaza mwenzake kwa kumpangia ratiba ya ulevi ya kesho yake, kinywaji hiki, kisha baa ile, kisha kurudi kwa kupepesuka, na ratiba hiyo, neno kwa neno, ni hadithi nzima ya filamu iliyobaki. Ukiijua Kiingereza hiyo utapiga paja. Ukisoma maandishi ya chini yaliyotafsiriwa, imekupita kama daladala iliyojaa. Mpwa wangu huwa anasimama pembeni ya shuka na kututafsiria kwa mtindo wa marehemu Lufufu, sauti zote anatoa yeye, na kwenye Shaun ndiko anakotoka jasho zaidi. Safari ya mwisho aliacha kutafsiri, akaanza kutunga. Watu walicheka sana, ila hawakuwa wanaicheka filamu ile.

One Cut, kwa upande wake, inaanza vibaya. Nasema hivyo kwa nia njema. Kikundi cha watengeneza filamu kimo ndani ya jengo lililotelekezwa, kiwanda cha zamani cha kusafisha maji, kinapiga filamu ya mazombi. Mwongozaji anamfokea binti stelingi kwamba hofu yake ni ya uongo. Mara mazombi wa kweli wanatokea, na mwongozaji badala ya kukimbia anafurahi, anaamuru kamera iendelee. Na kamera kweli haikati. Dakika 37 ni kipande kimoja, na humo ndani mna mambo ya ajabu ajabu: watu wananyamaza katikati ya maongezi kama wamesahau maneno, mmoja anataka kutoka nje bila sababu ya maana, kamera inaanguka chini na kulala hapo mpaka mkono wako unaanza kutafuta simu. Halafu majina yanapita, kama imeisha, na wewe unajiuliza umeibiwa na nani.

Usizime. Sitasema kinachofuata katika ile saa nzima iliyobaki, na anayekusimulia si rafiki yako. Nitasema tu kwamba kila jambo lililokukera katika dakika 37 lina sababu yake, na ukiijua sababu unacheka mpaka unashika ubavu. Ni filamu ambayo makosa yake ndiyo mtaji wake. Waliopiga kile kipande walikirudia mara sita. Ueda Shinichiro, mwongozaji, ameeleza kuwa baadhi ya ajali zilikuwa zimeandikwa na nyingine zilitokea zenyewe wakaziacha, na raha moja ya kuitazama mara ya pili ni kubahatisha ipi ni ipi. Waigizaji hawakuwa na majina, walitoka kwenye warsha ya chuo cha uigizaji jijini Tokyo. Novemba 2017 ilioneshwa kwa siku sita tu katika ukumbi mdogo. Juni 2018 ikarudi katika kumbi mbili, watu wakaambizana, kumbi zikawa mia na zaidi, na mwishowe ikaingiza zaidi ya yen bilioni 3 nchini Japani. Hela iliyowekwa imerudi mara elfu moja. Asikwambie mtu, hata upatu hauna faida hiyo.

Wafaransa wakaipenda wakaipiga upya. Michel Hazanavicius, ambaye ana Oscar kabatini, akaitengeneza kwa waigizaji wenye majina, na ikafungua tamasha la Cannes 2022. Hata jina walilibadilisha dakika za mwisho: la kwanza lilikuwa na herufi Z, Waukraine wakalalamika kwa sababu herufi hiyo ilikuwa imeshachorwa kwenye vifaru vya Urusi, ikaitwa Coupez!. Nimeitazama. Hadithi ni ile ile, na waigizaji ni wazuri. Ila unapomwona mtu mwenye hela anaigiza kukosa hela, moyo haupandi. Katika ile ya Kijapani, jasho la yule mwongozaji ni jasho.

Sasa jinsi nilivyoponzwa. Siku niliyoiweka One Cut mara ya kwanza nyumbani sikuangalia LUKU. Ilipofika dakika ya 35 hivi, giza. Yuniti zimeisha, kosa langu mwenyewe. Mpaka nimenunua, nimeingiza tarakimu ishirini kwa mwanga wa simu, nimekosea, nimerudia, nusu ya watu walikuwa wameshavaa viatu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa wa kwanza kutoka. Alisimama mlangoni akasema kwa sauti ya kusikika jikoni kwamba hajawahi kuona filamu mbovu kama hii tangu azaliwe. Waliobaki walikuwa watano. Hao watano sasa wana lugha yao. Mtu akikosea kumimina chai, mmoja anapiga kelele "kamera isikate!" na wengine wanaanguka kicheko, na aliyeondoka anawatazama kama wamerogwa.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili: Shaun unaweza kuiweka watu wanaingia na kutoka, wanakula, wanasimulia ya ofisini. One Cut inataka mlango ufungwe, umeme uwepo, na mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "kaa chini".

Juan, ambayo ndiyo yangu

Ukinibana nichague moja tu, ni Juan of the Dead ya Alejandro Brugués. Si kwamba ni bora kuliko One Cut. Haijafika. Kuna mahali helikopta inalivaa kuba la Capitolio ya Havana na kompyuta inaonekana waziwazi kama kiraka cha jinzi kwenye suti. Lakini ndiyo filamu ambayo watu wa sebule yangu hawakuhitaji kuelezwa.

Juan ana miaka arobaini, hana kazi inayoeleweka, anavua kidogo, anaiba kidogo, mkewe kamkimbia, binti yake hataki kumwona. Mazombi wanapolijaza jiji, televisheni ya taifa inatangaza kuwa hao ni wapinzani wa serikali waliolipwa na Marekani. Wanakula watu barabarani, tangazo ni lile lile. Majengo yanawaka, tangazo ni lile lile. Na Juan anafanya nini? Anafungua biashara. Anapokea simu kwa heshima zote: Juan wa Wafu, tunaua wapendwa wako, tukusaidie nini? Maana wewe utaweza vipi kumpiga babu yako kwa kasia, hata kama amegeuka? Unamlipa mtu.

Hapo sebule nzima ililipuka. Kila mtu pale anamfahamu Juan. Ni yule jamaa ambaye mafuriko yakija yeye tayari ana mkokoteni wa kuvusha watu, shilingi mia tano kwa kichwa, na mwanamama wa kubebwa mgongoni ni elfu moja. Timu yake sasa: rafiki yake Lázaro mwenye mshale wa kuvulia samaki, ambao huwa unawapata wasiohusika, na pande la mtu mwenye misuli ambaye akiona damu anazimia, hivyo inabidi apigane akiwa amefungwa kitambaa machoni.

Kuna maneno ambayo Juan anayarudia kila akiambiwa atakufa. Anahesabu alivyovipona: Mariel, Angola, Kipindi Maalumu. Kwa mtazamaji wa Ulaya ni majina tu. Mariel ni bandari waliyopitia Wakuba zaidi ya laki moja kwenda Marekani mwaka 1980. Angola huku kwetu haihitaji maelezo marefu, askari wa Cuba walikuwa huko tangu 1975 mpaka 1991. Na Kipindi Maalumu ni miaka ya tisini, Muungano wa Kisovieti ulipoanguka na mafuta, chakula na sabuni vikapotea kisiwani. Mama yangu hajui Kihispania hata neno moja. Nilipomwelezea hilo la mwisho aliweka kikombe chini akaanza yeye: foleni za sukari, duka la kaya, kufulia majani ya mpapai. Tulisimamisha filamu robo saa. Aliporudi kuitazama alikuwa upande wa Juan, na zombi aliyejaribu kumkaribia Juan alikuwa anamtukana mama yangu binafsi.

Hapo ndipo inapoizidi Shaun kwa watu wangu. Shaun anatoka usingizini kwa sababu dunia imeharibika. Juan hakulala. Dunia yake ilikuwa imeharibika tangu zamani, mazombi ni wageni wapya tu kwenye foleni. Brugués alipata tuzo ya Goya ya Hispania mwaka 2013 kwa filamu hii, kama filamu bora ya nchi za Kilatini, na mimi nadhani waliona hilo hilo.

Tahadhari moja: ina matusi mazito na mambo ya chumbani, baadhi yake mapema tu, kwenye paa la nyumba. Nilipoiweka mbele ya mama nilikuwa nimeshaijua, nikaivusha dakika hizo kwa kisingizio cha kutengeneza sauti. Kama wakwe wapo na hujaitazama kabla, utajuta.

Braindead: kula kwanza, au usile kabisa

Kwa hii sina maneno mengi. Peter Jackson, kabla ya kuwa Peter Jackson wa The Lord of the Rings na tuzo 11 za Oscar kwa usiku mmoja, alikuwa kijana wa New Zealand aliyepiga filamu yake ya kwanza wikiendi kwa wikiendi, miaka minne, akiwatumia rafiki zake na kuoka vinyago vya madubwana kwenye oveni ya mama yake. Braindead alipewa hela zaidi, naye akazimaliza kwenye damu. Kijana Lionel anaishi Wellington na mama mkali, mama anaumwa na mnyama wa ajabu kutoka Sumatra, na mama anaanza kuoza akiwa bado anapokea wageni. Kwenye chakula cha mchana sikio lake linadondoka ndani ya kastadi. Anakula kastadi. Yote. Mwishoni Lionel anaingia kwenye nyumba iliyojaa mazombi akiwa amebeba mashine ya kukatia nyasi, imewaka, na mnaweza kumaliza wenyewe. Inatajwa damu ya bandia lita 300 kwa eneo hilo peke yake.

Haina tafsiri ngumu. Unaweza kuitazama umezima sauti na usikose kitu. Vijana wa miaka ishirini kushuka wataiabudu. Binti wa jirani, mwanafunzi wa uuguzi, alicheka kuliko wote, jambo lililonifikirisha kidogo. Mke wangu alidumu mpaka kwenye kastadi. Ikilinganishwa na Juan, hii haina cha kukwambia kuhusu New Zealand zaidi ya kwamba mtoto anayeishi na mama yake mpaka ukubwani ana shida. Ila kama kazi ya mikono ndiyo inayokuvutia, mpira ulivyokatwa, vyungu vya rangi, vikaragosi vilivyoendeshwa kwa nyaya, hakuna nyingine kati ya hizi nne inayoigusa.

"Na ile ya Lupita?"

Huulizwa kila mara. Ipo, inaitwa Little Monsters, ya Australia, mwaka 2019, mwongozaji ni Abe Forsythe. Mkenya wetu Lupita Nyong'o ni mwalimu wa chekechea aliyewapeleka watoto matembezi shambani, mazombi wakatoroka kambi ya jeshi la Marekani ya jirani. Anapigana akiwa na gauni la njano, na damu ikimrukia anawaambia watoto ni jamu. Anawaimbia kwa ukulele wimbo wa Taylor Swift, ambao Lupita mwenyewe amesimulia kwamba ilibidi amwandikie msanii huyo kuuomba. Yeye ni mzuri mno, na filamu bila yeye ni ya kawaida. Sijaiweka kwenye nne zangu kwa sababu kila asipokuwepo yeye kwenye kioo nilikuwa namsubiri arudi. Na isiwadanganye kuwa imejaa watoto: haiwafai watoto, kuna mchekeshaji wa televisheni mle ndani mwenye mdomo mchafu kuliko kondakta.

Wanaotaka cha karibu zaidi na roho ya One Cut wavuke mpaka tu, waende Wakaliga, Kampala, ambako Nabwana I.G.G. anatengeneza filamu za mapigano kwa hela ya kununulia vocha, na VJ Emmie anapiga kelele juu ya filamu akiwasifu na kuwakejeli wahusika humo humo. Mazombi hayamo. Helikopta ya vyuma chakavu imo.

Basi Jumamosi ya mwezi huu nimepanga hivi. Mama anakuja, kwa hiyo ni Juan, na mkono wangu utakuwa kwenye kitufe cha kuvusha. Vijana wakibaki baada ya saa nne, Braindead, vyombo vikiwa vimeshaoshwa. Shaun nimempa fundi wa shemeji kwenye flashi, anajua Kiingereza, atafurahi. One Cut nimeitunzia Pasaka, LUKU imeshajazwa ya mwezi mzima, na shemeji nimemwalika. Amekataa. Anasema nusu saa aliyopoteza siku ile inatosha, na amekuwa akiwasimulia watu kazini kwamba Wajapani wanajua magari tu, filamu wawaachie wenyewe. Sijamwambia kitu. Nimemwomba mke wangu naye asimwambie.